Nguvu za Mwili Hujengwa kwa Kipimo

Wapo watu wengi wanaodhani kwamba mazoezi ya kujenga nguvu ni mambo ya vijana wapendao kuonyesha vifua, na kwamba mtu ashikaye jembe hana haja nayo kabisa. Dhana hii yafaa isahihishwe, kwa faida ya mkulima na ya mfanyakazi wa mjini pia.

Tuchukue mfano wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Hadi mwaka 2012 Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe, na maisha ya pande zote mbili yanafanana: migomba, mibuni, ng'ombe na milima. Huko mkungu wa ndizi husafiri kichwani, gunia la kahawa hubebwa mgongoni, na dumu la maji hupandishwa kilimani. Lakini karani wa Kayanga na muuza duka wa Omurushaka hukaa kitini kutwa nzima, kama wenzao wa Mwanza na Dar es Salaam. Ajabu ni kwamba wote wawili, mbebaji na mkaaji, waweza kuishia kulalamikia kiuno.

Sababu ni kwamba kazi haimpimii mtu mzigo. Gunia haliulizi kama mbebaji amelala vizuri, wala kama bega lake moja limechoka kuliko la pili. Katika mazoezi, mzigo huchaguliwa, huongezwa kidogo kidogo, pande zote za mwili hupewa haki sawa, kisha misuli hupumzishwa ili ijijenge. Naye akaaye kitini hupoteza misuli taratibu bila kujua, mpaka siku ya likizo anapotaka kuwaonyesha ndugu zake kijijini kwamba hajasahau kubeba gunia. Hapo ndipo kiuno humwumbua.

Yafaa pia ieleweke kwamba ukubwa wa mwili si nguvu. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Rumanyika, Omukama wa Karagwe. Katika nyumba za kifalme aliwakuta wanawake walionenepeshwa kwa maziwa, kwa kuwa unene ndio uliohesabiwa kuwa uzuri wakati ule. Aliandika kwamba walinenepa hata wasiweze kusimama wima. Maziwa ni chakula bora, lakini misuli isiyofanyishwa kazi haijengwi na maziwa peke yake.

Je, mwananchi wa kawaida aanzeje? Hapana haja ya kununua vyuma. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo dumu la nyumbani ni mzigo na mzani kwa pamoja.

Wiki mbili za kwanza zitumike bila mzigo. Keti kitini, kisha inuka bila kujishika, na ukae tena polepole. Simama mbele ya ukuta, uweke viganja juu yake, ujishushe na kujisukuma. Baadaye ongeza dumu: liinue kutoka chini kwa kukunja magoti na nyonga, mgongo ukiwa umenyooka na dumu likiwa karibu na mwili. Halafu chukua madumu mawili yenye maji sawa, moja kila mkono, utembee nayo hatua 20 au 30 bila kuinama.

Rudia kila zoezi la kuinua au kusukuma mara 8 hadi 12, upumzike, kisha ufanye mzunguko wa pili. Acha ungali na uwezo wa kurudia mara mbili zaidi. Mara 12 zikiwa nyepesi, ongeza lita moja tu. Haba na haba hujaza kibaba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki. Siku hizo zisifuatane.

Usibane pumzi unapoinua. Toa pumzi wakati wa kujitutumua. Usizungushe kiuno ukiwa na mzigo mikononi. Misuli kuuma kidogo kesho yake si neno, lakini maumivu makali ya kiungo, kifua au mgongo ni amri ya kuacha. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, au mama mjamzito aonane na daktari kwanza. Na chakula kisisahauliwe: ndizi kwa maharage, maziwa, samaki, na senene wakati wake, vyote hufaa.

Wazee wasiambiwe kwamba wakati wao umepita. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya mazoezi ya wazee 10 wenye umri wa miaka ipatayo 90, waliofunzwa kwa wiki 8 chini ya uangalizi. Kwa waliomaliza, nguvu za mapaja zilizidi maradufu.

Basi tusipime nguvu kwa unene wa mkono. Nguvu ni bibi kuinuka kitini mwake bila kuvutwa, ni baba kumbeba mwanawe mgonjwa mpaka zahanati, ni mfanyakazi kustaafu akiwa na mgongo mzima. Hayo yote yaweza kuanzia kwenye kiti kimoja na dumu la lita 5, ndani ya familia yoyote, wiki hii.