Dawa za Maumivu ya Mgongo: Mama, Jua Unachomeza

Leo tunazungumza juu ya mgongo.

Mama, umeamka alfajiri ukaenda mtoni na mtungi wa lita 20. Ukijaa, mtungi huo una uzito wa kilo 20. Baadaye ukainama shambani na jembe, mtoto akiwa mgongoni kwenye leso. Jioni kiuno kimekaza, hata kufagia huwezi. Unamtuma mtoto dukani akuletee "dawa ya mgongo". Anarudi na karatasi iliyokunjwa, ndani mna tembe tatu za rangi tofauti zisizo na jina. Unazimeza na uchungu unapungua. Lakini je, umemeza nini?

Mara nyingi maumivu ya kiuno hutokana na misuli iliyochoka au kuvutika, nayo hupungua katika muda wa wiki chache. Dawa haiondoi chanzo. Kazi yake ni kupunguza uchungu ili uweze kutembea, kwa maana kulala kitandani siku nyingi huzidi kuukaza mgongo.

Parasetamoli

Hii ndiyo wengi huijua kwa jina la Panadol. Mtu mzima humeza tembe moja au mbili za miligramu 500 kila baada ya saa 6, na asizidishe tembe 8 kwa siku nzima, usiku na mchana. Ukizidisha, ini linaharibika. Dawa nyingi za homa na mafua zina parasetamoli pia, kwa hivyo usizitumie pamoja.

Tuseme ukweli: kwa mgongo, dawa hii haina nguvu nyingi. Utafiti uliofanywa Australia na kutangazwa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba waliomeza parasetamoli hawakupona haraka kuliko waliomeza tembe zisizo na dawa. Hata hivyo, kwa mama mjamzito ndiyo dawa ya kwanza kushauriwa, kwa kiasi kidogo na siku chache.

Ibuprofeni na diklofenaki

Hizi ni za ukoo mmoja. Ibuprofeni wengi huiita Brufen. Hupunguza uchungu na uvimbe, na kwa mgongo husaidia zaidi kuliko parasetamoli. Ibuprofeni humezwa baada ya chakula, miligramu 200 hadi 400, mara tatu kwa siku. Bila ushauri wa daktari usipite miligramu 1,200 kwa siku, na usiendelee zaidi ya siku chache. Usimeze ibuprofeni na diklofenaki pamoja. Hazitakuponya upesi, zitakuchoma tumbo maradufu.

Usizitumie bila kumwona mhudumu wa afya ikiwa una mimba, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, shinikizo la damu, au pumu. Mimba ikifika wiki 20 na kuendelea, zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Nyanya na babu pia wamo hatarini zaidi. Na ukiwa unatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, mwambie anayekupa dawa, kwani baadhi yake, kama tenofoviri, zikichanganywa na hizi huweza kuumiza figo.

Ukiona kinyesi cheusi kama lami, au ukitapika damu, acha dawa na uende hospitali mara moja.

Mama anayenyonyesha anaweza kutumia parasetamoli au ibuprofeni kwa kipimo sahihi bila kumwachisha mtoto ziwa.

Sindano na dawa kali

Wengi huamini kwamba sindano ndiyo dawa. Sindano ya diklofenaki ni dawa ile ile ya tembe, na madhara yake ni yale yale. Tramado na kodeini hutolewa kwa cheti cha daktari pekee. Huleta usingizi na uraibu, na kupitia maziwa ya mama zinaweza kumfanya mtoto mchanga ashindwe kupumua vizuri. Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa za aina hii zisitumiwe kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu, bali watu wafunzwe na wafanye mazoezi.

Nyumbani, kanda kiuno kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto yasiyounguza, tembea kidogo kidogo, na ugawe maji katika mitungi miwili midogo.

Usingoje, nenda hospitali ukiona haya:

- ganzi katikati ya mapaja, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo;
- mguu kukosa nguvu;
- homa, au uchungu wakati wa kukojoa;
- kukonda na kutokwa jasho usiku, kwani kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo;
- maumivu baada ya kuanguka;
- wewe ni mjamzito na maumivu yanakuja na kuondoka, kwani huenda ni uchungu wa kuzaa;
- mwenye maumivu ni mtoto. Usimpe aspirini wala dawa yako.

Basi mama, ukienda dukani uliza mambo matatu: dawa hii inaitwaje, nimeze ngapi, na kwa siku ngapi? Sema pia ikiwa una mimba. Ukipewa karatasi isiyo na jina, irudishe. Na dawa zako ziweke juu, mbali na mikono ya watoto.

Hadi kipindi kijacho, tunzeni migongo yenu. Kwaherini.