Dhol Yarudi Ukumbini

Vijana wangu, leo nawasimulia kazi ya DJ katika siku yake ngumu kuliko zote, siku ya kurudi kupigia watu muziki baada ya kukaa muda mrefu. Nimechagua London, kwa sababu dansi za watu wenye asili ya Bara Hindi zina historia ndefu huko, na kipande kimoja cha historia hiyo kilipitia kwetu.

Machi 2020 klabu za Uingereza zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Za London zilikuja kufunguliwa usiku wa kuamkia 19 Julai 2021. Sasa mfikirieni DJ mmoja, mama wa makamo anayeishi Southall, magharibi mwa London. Nimemtunga mwenyewe kwa ajili ya hadithi hii. Anafungua masanduku yake, anapangusa santuri moja baada ya nyingine, anavaa hedifoni. Vidole havijasahau. Kinachompa wasiwasi ni miguu ya watu.

Hebu fikirini. Aliyekuwa akikaribia miaka kumi na saba klabu zilipofungwa, sasa ana miaka kumi na minane na anaruhusiwa kuingia. Nyimbo amezijulia kwenye simu, vipande vya sekunde chache. Hajawahi kusikia besi ikimtikisa kifua. Na usiku huohuo watakuja mama zake wadogo, wanaoijua bhangra, muziki wa dansi wa Wapunjabi, tangu miaka ya 1980 neno kwa neno. Mama yetu anataka wote wacheze pamoja, si hawa wakae hawa wainuke.

Hapo ndipo inapoingia dhol. Ni ngoma ya Punjab, pipa la mti lenye ngozi pande zote mbili, mpigaji huivaa kwa mkanda begani. Upande mzito hupigwa kwa kijiti kinene kilichopinda, dagga, na upande mwembamba kwa ufito mwepesi, tilli. Pigo linalopendwa kuliko yote huitwa chaal. Lina mapigo manane yanayozunguka, lakini hayafuatani kwa nafasi sawa. Mengine huchelewa kidogo, mengine huwahi, kama mtu anayechechemea kwa makusudi. Mabega huinuka yenyewe. Wakulima walilicheza kwenye sherehe za mavuno muda mrefu kabla ya umeme kufika vijijini mwao.

Basi angalieni ugumu. DJ anapounganisha nyimbo mbili, watu husikia wimbo wa kwanza kwenye spika, naye anasikia wa pili masikioni. Anaupunguza au kuuongeza kasi mpaka mapigo yalingane, kisha anauingiza taratibu. Lakini mashine ya ngoma hupiga kwa mstari ulionyooka, na chaal inachechemea. Kasi inaweza kulingana kabisa kwenye namba na bado nyimbo zikagombana. Namba haimsaidii hapo, sikio ndilo linaloamua. Na sikio likikaa mwaka mzima bila ukumbi hulegea, hata la fundi, ndiyo maana mama huyu alianza mazoezi nyumbani wiki kadhaa kabla.

Nilisema historia hii ilipitia kwetu. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India kujenga reli kuanzia Mombasa, wengi wao wakiwa Wapunjabi. Wengi walirudi kwao, wengine wakabaki, na jamii ya Wapunjabi ikakua Kenya. Kuljit Bhamra alizaliwa Kenya mwaka 1959, akapelekwa Uingereza angali mtoto. Mama yake, Mohinder Kaur Bhamra, aliimba kwenye harusi za Wapunjabi, na mtoto akampigia ngoma za tabla. Mwaka 1982 walitoa santuri iitwayo Punjabi Disco, sauti ya mama juu ya kinanda cha umeme na mashine ya ngoma. Mimi nawaheshimu sana watu hawa. Waliukutanisha uimbaji wa Kipunjabi na mashine ya ngoma.

Baadaye zikaja dansi za mchana. Wazazi wengi hawakuruhusu mabinti na wavulana kutoka usiku, kwa hiyo kumbi zikafunguliwa jua likiwaka, wengine wakatoroka shule na nguo za kuchezea zikiwa kwenye mkoba. Mama wadogo wa usiku wetu walikuwa humo.

Turudi kwenye usiku wetu. Klabu imejaa. Mkononi DJ wetu ana Mundian To Bach Ke ya Panjabi MC, wimbo uliotoka 1998 na kungoja hadi 2003 kufika nafasi ya 5 kwenye chati ya Uingereza. Akiuweka sasa hivi, ukumbi mzima utapiga kelele. Hauweki. Hapa ndipo nawapima MaDJ: mwenye haraka ya kushangiliwa humaliza usiku wake katika nusu saa ya kwanza. Anaanza na nyimbo za taratibu, watu wakumbuke kusimama karibu karibu. Vijana wanashika kuta, simu mkononi. Kisha anazima kila kitu na kuacha dhol peke yake, bila maneno, bila besi ya mashine.

Mama mdogo mmoja anainua mikono na kuingia katikati. Anamvuta mpwa wake, anamwonyesha bega kwanza, mguu baadaye. Binti anakosea, anarudia, anapata. Wenzake wanaweka simu mifukoni. DJ anahesabu mizunguko ya chaal, anasukuma kitelezi polepole, na besi ya Mundian inaingia chini ya dhol bila kuigonga. Hakuna aliyebaki ukutani.

Alfajiri, wanapokunja nyaya, yule binti anakuja kuuliza ile ngoma ya peke yake ilitoka kwenye santuri gani. Mama anaitoa sandukuni, anamwachia alisome jalada, na kumwambia wiki ijayo aje saa mbili kabla ya mlango kufunguliwa, avae hedifoni mwenyewe.