Kona ya shamba imepotea? Kamba mbili zinaweza kuirudisha

Kituntu na vijiji vingine vya Karagwe na Kyerwa, mipaka ya mashamba mengi ya migomba na kahawa huonyeshwa kwa milamula. Mlamula wa katikati ukifa, mstari bado unaonekana. Wa kwenye kona ukifa au ukang'olewa, majirani huanza kuvutana. Leo tunaeleza jinsi ya kuitafuta kona hiyo.

Mistari miwili iliyonyooka, isiyo sambamba, hukutana mahali pamoja tu. Kwa hiyo, wewe na jirani yako tafuteni milamula miwili iliyobaki kwenye mpaka wa kwanza. Vuteni kamba ipite kwenye yote miwili na iendelee hadi kupita sehemu ya kona. Fanyeni vivyo hivyo kwenye mpaka wa pili. Kamba zinapopishana ndipo ilipokuwa kona.

Chagueni milamula iliyo mbalimbali. Ikiwa karibukaribu, kosa dogo la kamba hukua kadiri mnavyokwenda mbele. Na kama mpaka ulipinda tangu mwanzo, njia hii haifai.

Sasa pimeni pembe. Kutoka kwenye kona, pimeni mita 10 kwa kila kamba na kuchomeka kijiti. Kisha pimeni kutoka kijiti hadi kijiti:

- Mita 10: pembe ni digrii 60.
- Mita 14 na sentimita 14: digrii 90, yaani pembe mraba.
- Mita 17 na sentimita 32: digrii 120.

Kwa nini pembe ni muhimu? Shamba la mita 40 kwa 30 lenye kona za digrii 90 lina mita za mraba 1,200. Likilala upande hadi kona moja iwe digrii 60, pande zote zinabaki na urefu uleule, lakini eneo linashuka hadi kama 1,039. Zimepotea mita za mraba 161, na anayepima pande peke yake hataziona.

Msipokubaliana, msing'oe kitu. Nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Mkikubaliana, pandeni mlamula mpya mbele ya mashahidi wa pande zote mbili.