Vimbunga Vilivyovunja Rekodi, na Watu Waliovikimbia

Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) hutunza rekodi za hali ya hewa kama wanariadha wanavyotunziwa zao. Vimbunga vina sehemu yake humo: kikali, kikubwa, kilichodumu, kilichoua. Ukizisoma rekodi hizo kwa pamoja utagundua kwamba bingwa wa upepo si bingwa wa vifo. Idadi ya makaburi huamuliwa zaidi na maji, na kama watu walikuwa na mahali pa kwenda.

Upepo mkali kuliko wote: kilomita 408 kwa saa

Ulipimwa tarehe 10 Aprili 1996 katika kisiwa cha Barrow, Australia, wakati wa kimbunga Olivia. Kabla ya hapo rekodi ilishikiliwa na mlima Washington nchini Marekani, kilomita 372 kwa saa, tangu 1934. Barrow ni kisiwa cha visima vya mafuta, hakina mji. Upepo huo ungevuma juu ya jiji, jina la Olivia lingejulikana na kila mtu.

Kikubwa kwa umbo: Tip, 1979

Katika bahari ya Pasifiki, pepo za dhoruba za Tip zilienea kilomita 2,220 kutoka ukingo hadi ukingo. Ni sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma na kurudi, kwa mstari wa ndege. Tip pia ndicho chenye mgandamizo wa hewa wa chini kabisa kuwahi kupimwa usawa wa bahari, hektopaskali 870.

Kilichodumu kuliko vyote: Freddy, 2023

Kilizaliwa karibu na Australia mwanzoni mwa Februari, kikaivuka Bahari ya Hindi yote, kikaipiga Madagaska, kisha Msumbiji. Watu walipodhani kimekwisha, kilirudi baharini, kikapata nguvu upya na kuipiga Msumbiji mara ya pili. WMO ilikihesabia siku 36. Msiba mkubwa haukuwa pwani. Ulitokea Malawi, nchi isiyo na bahari, ambako milima inayozunguka Blantyre iliporomoka usiku juu ya nyumba. Waliokufa na waliopotea walizidi elfu moja.

Mvua nyingi zaidi kwa siku tatu: milimita 3,930

Ilinyesha Februari 2007 juu ya Cratère Commerson, kisiwani Réunion, wakati wa kimbunga Gamede. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka mzima. Kwa hiyo mvua ya zaidi ya miaka mitatu ya Dar ilimwagika hapo ndani ya saa 72.

Bahari iliyopanda juu zaidi: mita 13

Rekodi hii ni ya kimbunga Mahina, Queensland, 1899, ingawa wanasayansi bado wanakibishania kipimo hicho. Mamia ya wapiga mbizi na mabaharia wa meli za lulu walikufa. Kwa Marekani rekodi ni ya Katrina, 2005: bahari ilipanda kama mita 8.5 huko Pass Christian, Mississippi. Katrina kilipofika nchi kavu kilikuwa kimeshuka hadi daraja la 3 kati ya 5, na bado kiliua zaidi ya watu 1,300. Sababu ni kwamba madaraja hayo hupima upepo tu. Hayasemi neno juu ya maji.

Ndiyo maana Florida haichori kanda zake za kuhama kwa kufuata upepo. Kila eneo lina herufi, kuanzia A, kulingana na mwinuko wa ardhi na kina ambacho bahari inaweza kufika. A huondoka kwanza. Kanuni yao ni fupi: maji yakimbie, upepo jifiche. Mwenye nyumba imara juu ya kilima hahitaji kusafiri kilomita 300. Mwenye nyumba hiyohiyo bondeni hana budi kuondoka.

Foleni iliyoua kuliko kimbunga: Rita, 2005

Wiki tatu baada ya Katrina, picha za New Orleans zikiwa bado machoni pa watu, Rita kilielekea Texas. Zaidi ya watu milioni mbili na nusu waliingia barabarani. Wengi wao hawakuwa wameamriwa kuondoka. Waliotoka Houston bara waliwazibia njia wa Galveston, walio ufukweni kabisa. Magari yaliishiwa mafuta kwenye jua kali, na basi lililobeba wazee wagonjwa likawaka moto karibu na Dallas, wakafa 23. Kwa jumla watu kama mia moja walikufa wakikimbia, wengi kuliko waliouawa na Rita chenyewe huko Texas. Baadaye kaunti za eneo hilo ziligawa kanda upya kwa namba za posta, ili kila mtu ajue zamu yake, na pia ajue kama anapaswa kubaki.

Kilichoua wengi kuliko vyote: Bhola, 1970

Usiku wa tarehe 12 Novemba, bahari iliyasomba visiwa na delta za Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. WMO inakadiria waliokufa kuwa angalau 300,000. Wengi walikuwa wamesikia kwamba kimbunga kinakuja. Kilichokosekana ni jengo refu na imara la kukimbilia, na mtu wa kuwaambia kwamba muda wa kuondoka ni huu.

Waliohamishwa wengi zaidi

Kwa Marekani, rekodi ni ya Irma, 2017: watu takriban milioni 6.8 waliondoka makwao Florida. Lakini darasa lenyewe liko Asia ya Kusini. Tangu miaka ya 1970 Bangladesh imejenga maelfu ya majengo ya kujihifadhi juu ya nguzo, mengi yakiwa shule siku za kawaida, na kufunza wajitolea zaidi ya 70,000. Hupita vijijini na vipaza sauti na kupandisha bendera: moja ni tahadhari, tatu ni kuondoka. Hata vilima vya kuhifadhia ng'ombe vilijengwa, kwa kuwa mkulima hawezi kuacha mali yake yote izame. Mwaka 2020, kimbunga Amphan kilipokuja katikati ya korona, nchi hiyo ilihamisha watu milioni 2.4, na vifo havikufika mia.

Nchini India, jimbo la Odisha lilipoteza watu karibu 10,000 katika kimbunga cha mwaka 1999. Mwaka 2019 kikaja Fani, nacho kikali. Watu milioni 1.2 walihamishwa kwa takriban siku mbili, wakafa 64.

Kilichoikaribia ikweta kuliko vyote: Vamei, 2001

Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuizungusha hewa ikawa kimbunga. Vamei kilikaidi, kikatokea karibu na Singapore, nyuzi 1.5 tu kaskazini ya ikweta. Hilo liwafikirishe wanaosema pwani yetu ya Tanzania haipatwi na vimbunga. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuharibu meli za Sultan Barghash. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, ikashika uongozi wa karafuu. Lindi ilipigwa 1952. Mei 2024, Hidaya kilipokaribia Mafia, boti za Dar na Zanzibar zilisimamishwa, na barabara ya Kilwa ikakatika Somanga.

Kwa hiyo mwenye nyumba ya pwani, kuanzia Mtwara hadi Tanga, ajiulize mambo manne kabla ya tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa. Maji ya bamvua hufika wapi, na nyumba yangu iko juu yake kwa kiasi gani? Jengo gani la ghorofa, shule au msikiti, linaweza kutupokea? Nani atambeba bibi? Mifugo na ngalawa vitakwenda wapi? Odisha na Bangladesh walijibu maswali ya namna hii kijiji kwa kijiji, siku za jua, miaka mingi kabla ya Fani na Amphan kupewa majina.