Utani wa Washairi

Napenda kueleza habari za washairi wanaochekana bila kugombana, maana mimi mwenyewe nilijaribu nikaharibu.

Kwetu ni Nakivale, wilaya ya Isingiro, katika makazi ya wakimbizi yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960. Wakazi wa mwanzo walitoka Rwanda. Siku hizi wako pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, na Kiswahili hutusaidia kuelewana, ingawa kila mtu ana chake. Nilipokuja kusoma Mbarara nilimkuta mwenzangu mmoja wa huko huko, tukawa marafiki. Jioni moja bwenini nilitunga beti tatu juu ya viatu vyake vyenye matundu, nikazisoma kwa sauti. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye naye alicheka. Lakini siku tatu hakunisemesha. Baadaye nikapata habari kwamba viatu vile alipewa na kaka yake, aliyeacha shule ili yeye asome.

Nilimwendea mwalimu wetu wa Kiswahili. Hakunikaripia, aliniuliza tu, "Je, ulimpa nafasi ya kukujibu?" Kisha akanieleza habari za Muyaka bin Haji.

Muyaka alizaliwa Mombasa kama mwaka 1776, akafa 1840. Alitunga mashairi ya mistari minne juu ya mambo ya kila siku: mapenzi, biashara, vita na fitina za mji. Majeshi ya Mombasa na Pate yaliposhindwa na watu wa Lamu huko Shela, mnamo mwaka 1812, maneno hayakukoma. Muyaka alisemea Mombasa, Bwana Zahidi Mngumi akasemea Lamu. Hapo hapakuwa na urafiki, lakini desturi ya kujibizana ni ile ile hata baina ya marafiki: mwenye kujibu hufuata mizani na, akiweza, vina vya aliyemwanza. Kila mstari una mizani 16, nane upande huu na nane upande wa pili. Basi hata ukiwa na hasira huwezi kumwaga matusi ovyo. Sharti kwanza uhesabu. Nami naona hiyo ndiyo dawa yenyewe. Tena aliyechekwa hupata silaha ile ile ya aliyemcheka.

Waingereza nao walikuwa na mchezo huo. Mwaka 1774, mjini London, marafiki wa Oliver Goldsmith walimtungia maneno ya kuandikwa kaburini, naye yu hai! David Garrick, mwigizaji mashuhuri, alisema kwamba Goldsmith ni hodari wa kuandika, lakini akifungua kinywa husema upuuzi. Goldsmith akaenda nyumbani akatunga shairi aliloliita Kisasi, akawarudia mmoja mmoja. Garrick alimwambia kwamba jukwaani huonekana mtu wa kweli, na akishuka ndipo anapoigiza. Lakini katika kila dhihaka alitia na sifa ya haki, jambo ambalo mimi katika beti zangu sikulikumbuka. Alikufa mwezi wa Aprili mwaka ule ule kabla hajalimaliza, likachapwa hivyo hivyo.

Nilirudi bwenini nikamwambia mwenzangu, "Ndugu yangu, nina deni lako. Nijibu."

Alikaa juma zima. Kisha akasimama mbele ya wale wale waliocheka, akasoma beti tatu juu ya kukoroma kwangu, kwa vina vyangu mwenyewe, bila kukosa hata kimoja. Katika ubeti wa mwisho alivisifu viatu vya kaka yake: matundu yake huingiza baridi ya alfajiri, naye huwahi kengele, hali mimi mwenye viatu vizima ningali nimelala. Kicheko kilipita kile cha kwanza.

Sasa zamu ni yangu. Mizani nimekwisha hesabu, ila kina cha mwisho bado kinanishinda.