Bwawa dogo lililoua watu 39 nchini Marekani

Yapata saa saba na nusu za usiku, tarehe 6 Novemba mwaka 1977, baada ya mvua kubwa, bwawa la Kelly Barnes lilipasuka karibu na mji wa Toccoa, katika jimbo la Georgia. Maji yaliteremka kwa kasi na kukikumba chuo cha Biblia kilichokuwa bondeni. Watu 39 walipoteza maisha.

Ukuta huo ulijengwa mwaka 1899 kwa magogo na mawe, kisha ukafunikwa na kuinuliwa kwa udongo ili kuzalisha umeme. Umeme ulikoma mwaka 1957, ziwa likabaki kuwa mahali pa burudani. Tuta lisiloleta tena fedha, aghalabu, husahauliwa.

Kila tuta la udongo hupenyeza maji kidogo, na hilo si ajabu. Hatari huanza pale maji yanapotoka yakiwa na tope, kwani hiyo ni dalili kwamba yanachimba njia ndani kwa ndani. Mizizi ya miti huyarahisishia kazi.

Wachunguzi hawakutaja chanzo kimoja. Walibaini kwamba mteremko wa nyuma ya tuta ulikuwa mkali mno, na picha ya mwaka 1973 ilionyesha sehemu yake ikiwa imekwisha kuporomoka.

Rais Jimmy Carter, mzaliwa wa Georgia, aliagiza mabwawa yasiyo ya serikali kuu yakaguliwe. Kufikia mwaka 1981, takriban theluthi moja ya yaliyokaguliwa yalionekana si salama.