Theluji, Punje za Barafu, na Mvua Igandayo

Katika nchi ya Kanada, wakati wa baridi kuu, maji hushuka kutoka mawinguni kwa namna nyingi. Pengine huanguka theluji, nyepesi kama pamba. Pengine huanguka punje ndogo za barafu, ngumu, zirukazo zikipiga chini. Na pengine hunyesha mvua ya maji matupu, ila mara igusapo kitu huganda. Namna hii ya tatu ina hatari kubwa. Je, watu wawezaje kujua mbele ni ipi itakayokuja?

Kutazama kipimajoto kilichopo chini hakutoshi. Namna zote tatu zaweza kuanguka mahali penye baridi ile ile, chini ya digrii 0, maji yagandapo. Sababu iko juu, hewani.

Kwa kawaida zote tatu huanza kuwa theluji. Hewa nayo imepangwa tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyotandikwa. Ikiwa tabaka zote ni za baridi, theluji hufika chini vile vile. Lakini hewa ya joto ni nyepesi, nayo pengine hupanda juu ya hewa ya baridi iliyo nzito. Theluji ipitapo katika joto hilo huyeyuka. Ikiwa haikuyeyuka yote, na tabaka ya baridi iliyo chini yake ni nene, huganda tena ikawa punje. Ikiwa imeyeyuka yote, na tabaka ya chini ni nyembamba, matone hufika yangali maji, ingawa yamepoa kupita kiasi. Ndipo hugandamana na njia, miti na waya.

Basi mabingwa wa hali ya hewa hurusha puto mara mbili kila siku. Puto hubeba kipimajoto na redio ndogo, na lipandapo hutuma habari za kila tabaka. Hata hivyo kazi ni ngumu, kwa maana tofauti ya digrii moja au mbili yaweza kugeuza theluji kuwa mvua.

Mwezi wa Januari 1998, hewa ya baridi ililala katika bonde la mto St. Lawrence, na hewa ya joto kutoka kusini ikapita juu yake. Karibu na mji wa Montreal mvua igandayo ikanyesha siku baada ya siku. Barafu ikalemea waya za umeme hata minara ya chuma ikaanguka kama mabua. Watu zaidi ya milioni 3 wakakosa umeme, wengine kwa majuma kadhaa, katika baridi kali. Na wako waliokufa.

Kwa hiyo atakaye kujua kitakachoanguka chini, sharti kwanza apime hewa ya juu.